Nyuzi za Jicho la Fundi Pima

Siku ile waliokuwepo kijiweni ni Fundi Pima anayeshona nguo, Spana anayetengeneza baiskeli na pikipiki, Waya wa redio na taa, Kinyozi, mimi ninayeuza kahawa, na mwanangu mchanga aliyekuwa amelala mgongoni. Mwishoni akaja mama mmoja ambaye hatukumjua, anasukuma baiskeli yenye pancha.

Benchi letu liko kwenye baraza la duka lililofungwa siku nyingi. Upande mmoja kuna cherehani ya Fundi, upande wa pili kiti cha Kinyozi na kioo chake chenye ufa. Spana hutandaza vyuma vyake chini juu ya gunia, na meza ya Waya imejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Mimi nakaa kwenye kigoda, mbele yangu jiko la mkaa na birika. Asubuhi wateja huwa wachache, basi kila mmoja huacha kazi yake nusunusu akaja kukaa, na ubishi ukaanza. Wanaweza kubishana kuhusu mwezi, bei ya misumari, au kama samaki hulala. Mimi niliishia darasa la saba, siwaingilii. Huwa nasikiliza tu, na wakimaliza nakuta nimejua jambo moja na kuchanganyikiwa na mengine mengi.

Siku ile hawakubishana kuhusu samaki. Fundi Pima alikuwa ametoka hospitali ya macho jana yake, na alitakiwa kurudi kesho yake kupasuliwa jicho la kushoto. Alifika akakaa kwenye benchi bila hata kuondoa kifuniko cha cherehani.

Niseme kidogo huyu mzee ni nani kwangu. Nilipojifungua, hakuna aliyemtuma wala kumwomba. Alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi za watu, akamshonea mwanangu vishati vya rangi mchanganyiko, na mishono yote akaiweka upande wa nje ili isimkwaruze ngozi. Watu wakiona wananiambia mtoto amevaa nguo ndani nje. Siwajibu. Ndiyo maana asubuhi ile, nilipomwona amekaa na mikono juu ya magoti, nilimmiminia yeye kahawa kabla sijamgawia mtu mwingine.

— Nisaidieni nyinyi, — alisema. — Mimi nimesikiliza mpaka nimechoka, sijaelewa.

Akatueleza. Daktari alimwambia mambo mawili ambayo yeye ameshindwa kuyaweka pamoja. La kwanza, kwamba ile karatasi ya herufi iliyobandikwa ukutani ameisoma yote, mpaka mstari wa chini kabisa wenye herufi ndogo kama sisimizi. Alisifiwa. La pili, kwamba mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto umekufa sehemu kubwa, na wa kulia umeanza kufa. Mshipa huo uko nyuma ya jicho, ndio unaochukua picha na kuipeleka kwenye ubongo. Ugonjwa wenyewe unaitwa glakoma. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, presha inapanda, na presha hiyo inauminya mshipa miaka na miaka bila maumivu yoyote. Amepewa dawa ya matone, ametia kila siku, presha haijashuka vya kutosha. Sasa wanataka kisu.

— Mshipa umekufa, jicho linaona, — alisema Fundi. — Nishike lipi?

Waya ndiye aliyeanza, maana aliona hilo ni jambo la kazi yake.

— Mzee, waya ukikatika taa inazimika. Sijaona waya umekatika halafu taa imebaki inawaka. Yako inawaka?

— Inawaka.

— Basi waya ni mzima.

Fundi akasema daktari hakuzungumzia waya mmoja. Alisema ni nyuzi, zaidi ya milioni, nyembamba kuliko nywele, zimefungwa pamoja kama kamba. Zinakatika moja moja. Waya akafikiri huku akikuna sikio kwa bisibisi. Akasema sawa, hata kama ni nyuzi, zikikatika nusu taa ingefifia. Je, imefifia?

— Haijafifia.

— Basi hazijakatika. Mzee, hao wamechanganya watu. Wamesoma mshipa wa mtu mwingine.

Hapo Fundi akatueleza habari ya lile beseni, na hiyo ndiyo iliyotuvuruga sote. Alikalishwa mbele ya kitu cheupe chenye shimo kama beseni, kidevu kikawekwa mahali pake, jicho moja likafunikwa. Akaambiwa atazame katikati asihamishe jicho. Mle ndani vitaa vidogo vikawa vinawaka na kuzimika, huku na kule. Ukikiona kimoja unabonyeza kitufe.

— Ukabonyeza? — aliuliza Kinyozi.

— Kila nilichokiona nilibonyeza. Sikukosa hata kimoja.

— Wakasemaje?

— Wakasema vingi sana nimeviacha.

— Hivyo ulivyoviacha, uliviona?



— Ningeviona, ningeviachaje?

— Basi havikuwaka, — alisema Kinyozi.

Waya akaunga mkono upesi. Alisema vitufe anavijua, kikiingia vumbi unabonyeza mpaka kidole kinauma na hakuna kinachotokea. Mashine ya watu wengi, vumbi lake si dogo. Mimi nilikuwa napepea mkaa nikawa najiuliza: mtu atajuaje kitu ambacho hakukiona? Akisema sijakiona, basi anakijua. Na kama hakijui, atasemaje? Nikaliacha swali hilo hapohapo, lilikuwa linanizungusha, na mtoto alikuwa ameanza kujinyoosha mgongoni.

Spana yeye hakujali waya wala vitufe. Alikamata neno presha. Akasema presha ni kazi yake tangu alipokuwa kijana, na tairi halipimwi kwa maneno, linapimwa kwa kidole. Akaniomba maji. Akanawa kwa sabuni, akatazama kucha zake zilivyo nyeusi, akanawa tena, kisha akamwambia Fundi afumbe macho. Kwa ncha za vidole viwili akagusa kope la mzee taratibu, kama mtu anayegusa yai lenye kifaranga. Sikujua kama mikono ile, inayofungua nati zilizoshika kutu, inaweza kugusa hivyo. Akagusa na macho yake mwenyewe. Akagusa ya Waya. Akagusa ya Kinyozi, akarudia, akaguna.

— Nini? — aliuliza Kinyozi.

— Lako ndilo gumu kuliko yote.

Kinyozi akaingiwa na wasiwasi mpaka kahawa yake ikapoa. Waya akacheka, akamwambia atazame kichwa cha mteja vizuri kabla hajakosea na kunyoa sikio. Spana hakucheka. Aliendelea na elimu yake. Alisema kitu chochote chenye presha lazima kiwe na valvu. Jicho nalo lina valvu. Itafutwe, ipunguzwe upepo, mambo yaishe.

Fundi akasema, kumbe ndicho wanachotaka kufanya. Wanataka kutoboa kinjia kidogo kwenye jicho ili maji yapate pa kutokea.

— Sasa hapo nimewaelewa, — alisema Spana. — Wakishatoboa, utaona zaidi?

— Hapana.

— Kile walichosema kimekufa, kitafufuka?

— Hakifufuki. Daktari alisema kilichokufa kimekufa.

— Sasa utapata nini?

— Wakifanikiwa, nitabaki hivihivi nilivyo.

Spana akaweka spana chini. Akamgeukia Waya, akanigeukia na mimi, kama anatafuta shahidi.

— Yaani mteja aniletee baiskeli. Niifungue yote mpaka beringi. Niifunge. Nimrudishie ikiwa vilevile, nimwambie mzee, kazi imefanikiwa.

— Ndiyo, — alisema Fundi.

— Mimi wangenichapa.

Hapo nilimwona Fundi amelegea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba daktari hakumficha, kila upasuaji una hatari yake, hata jicho linaweza kuharibika zaidi, ingawa si mara nyingi. Yeye jicho ndilo jembe lake. Ana watoto wawili bado wanasoma. Akiwa na jicho linalosoma herufi za sisimizi, alipeleke likakatwe ili libaki vilevile? Na asipolipeleka, daktari anasema litaendelea kufa kimyakimya mpaka siku atakayoshtuka ni giza, na hapo hakuna cha kufanya. Alizungumza huku anatutazama mmoja mmoja, kama sisi ndio tuliosomea. Hakuna aliyekuwa na la kumwambia, na kijiweni kwetu mtu akikosa la kusema hutafuta la kubuni.

Kinyozi, ambaye alikuwa bado anajigusa kope, akatoa lake. Alisema maji yanayojaa jichoni ni machozi. Wanawake hawapati ugonjwa huo kwa sababu hulia, na maji yanatoka. Mwanaume anafiwa halii, anafukuzwa nyumba halii, anaozesha binti yake halii, maji yote yanabaki mle ndani yakiminya mshipa. Nilimwambia shangazi yangu amepofuka kwa ugonjwa wa presha ya macho, na alikuwa analia hata jirani akikata kitunguu. Kinyozi akasema huyo alikuwa na tatizo lingine.

— Mzee ukilia vizuri leo, — alisema, — kesho huna haja ya kisu.

— Nilie nini?

— Ngoja.

Akaanza kumsimulia habari ya kumliza. Alikuwa na mteja mzee, kila Ijumaa anakuja kunyolewa ndevu, hasemi neno ila mwishoni anajipapasa shavu na kusema, haya, nimekuwa mtu. Ijumaa moja hakuja. Akaja mwanawe, akasema baba anakuomba uje nyumbani. Kinyozi akaenda na wembe wake, akamkuta mzee amelazwa, tayari ameshakata roho, na familia inataka azikwe akiwa msafi kama alivyopenda. Akamnyoa. Alipomaliza akasubiri, maana alizoea. Akasubiri ule mkono upapase shavu.

Kufikia hapo Kinyozi alikuwa analia yeye. Alilia kweli, mabega yanacheza. Fundi Pima akamshika mgongo, akampa kitambaa, akamwambia ulimfanyia jambo kubwa, mwanangu, tulia. Spana akainama akamkagua Fundi usoni.

— Hakuna hata tone, — alisema.

— Yameganda, — alisema Kinyozi huku anapenga kamasi.

Tulicheka, na Fundi naye akacheka kidogo. Kisha akachukua kipande cha kitambaa cha pamba kwenye mfuko wake wa vipande, akakishika ncha, akaanza kuchomoa nyuzi. Moja. Nyingine. Akakiinua juu kwenye mwanga.

— Hiki ni nini?

— Kitambaa, — alisema Waya.

Akachomoa zingine, safari hii hapa na pale, si pembeni tu. Akakiinua tena. Bado kilikuwa kitambaa, ungeweza kushonea mfuko wa shati. Akachomoa. Nyuzi zikawa zinaanguka juu ya viatu vyake kama nywele kwa Kinyozi. Akaendelea mpaka tukaanza kuona barabara kupitia kitambaa, lakini hata hapo ukikiweka mezani kilikuwa kitambaa. Waya akasema bado. Akachomoa. Waya akasema bado. Akachomoa tena, na ghafla pembe yote moja ikaachia, ikawa tundu.

— Hapo, — alisema Waya. — Sasa kimetoboka.

— Ni uzi upi uliokitoboa?

— Huo wa mwisho.

— Na hizi nyingine zilizo chini hazikuhusika?

Kinyozi akasema zilihusika lakini hazikujulikana. Spana akasema kama hazikujulikana, mteja angelalamikaje? Wakaanza kurushiana maneno, uzi wa kwanza ndio mwenye kosa, hapana wa mwisho, hapana aliyezichomoa. Fundi alikuwa amekitazama kile kipande tu. Nilidhani ameanza kuelewa alichoambiwa hospitali. Hata mimi kuna kitu kilikuwa kinataka kunifungukia, kama neno lililoko kwenye ncha ya ulimi. Ningeachiwa nafasi kidogo ningelipata.

Lakini Spana ni mtu wa vitendo. Alisema tunajisumbua bure na vitambaa. Jicho la fundi cherehani kazi yake ni moja. Atungiwe mtihani.

Huo ni mtihani wa mtaani kwetu na kila mtu anauamini. Mtoto akichomwa na mwiba mdogo usioonekana, anapelekwa kwa Fundi Pima. Pete ikipoteza kijiwe, kwa Fundi Pima. Jicho la mtu kwetu hupimwa kwa sindano, basi, na yeye tangu zamani hajashindwa. Waya akaenda kwenye kibati cha sindano akachagua ile nyembamba kupita zote, ya kushonea shanga. Spana akachagua uzi mweusi kusudi, na akamtaka akae kwenye kivuli. Fundi akalamba ncha ya uzi, akainua sindano, na kabla Kinyozi hajamaliza kuvuta pumzi uzi ulikuwa umepita.

— Funika jicho la kulia, — alisema Waya. — Tumia hilo walilosema limekufa.

Akalifunika kwa kiganja, Waya akamshikia sindano. Safari hii uzi ulikwaruza pembeni, akaurudisha, akaulenga tena. Ukapita.

Sijui kama nieleze furaha iliyokuwepo pale. Waya alimpiga begani. Kinyozi, macho bado mekundu, alimkumbatia. Spana alisimama kama hakimu.

— Mshipa uliokufa hautungi sindano, — alisema. — Mzee, kesho fungua kazi yako kama kawaida.

Wote wakakubali. Na mimi nilikubali, moyo wangu ukawa mwepesi, maana nilikuwa namwonea huruma kwa kile kisu. Walikuwa wanampenda, hilo nataka lijulikane. Hakuna aliyetaka kumpotosha. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akatoa simu, akampigia mama watoto amwambie afungue begi alilofunga, hakuna safari.

Simu ikawa inaita. Katikati ya ile shangwe, kumbe yule mama wa baiskeli alikuwa ameshafika. Spana aliipokea baiskeli, akaipindua, mama akaketi kwenye benchi, nafasi iliyokuwa wazi kushoto kwa Fundi. Sisi wengine tulimwitikia salamu yake. Mimi nikamimina kahawa iliyobaki. Nikampa mama, nikampa Waya, nikampa Kinyozi, kila mmoja pale alipokaa. Kikombe cha Fundi nikakichukua, nikazunguka jiko, nikapita mbele ya magoti ya watu wote mpaka nikasimama mbele yake, nikakishika sawasawa na pua yake mpaka alipokipokea. Kisha nikarudi kwenye kigoda.

Yule mama alinitazama. Alikuwa mtu mpole, ana uso wa kuchoka na jua. Akaniuliza kwa adabu, kama mgeni anayetaka kujua desturi ya nyumba:

— Samahani mwenzangu, mbona sisi umetupa hukohuko tuliko, na huyu baba umemzungukia mpaka usoni?

Fundi akashtuka. Aligeuka mwili mzima upande wa kushoto, kahawa ikamtiririkia kidoleni.

— Oh, karibu mama. Umefika sasa hivi?

— Nipo tangu mnatunga sindano, baba. Nilikusalimia.

Nilitaka kumjibu yule mama kwamba ni heshima kwa kuwa ni mzee, lakini Spana naye ana mvi na sijawahi kumzungukia. Nilijua tu kwamba Fundi ukimpa kikombe kwa upande wa kushoto, kinamwagika. Mkono wake hauji. Ila hilo sikuwahi kulisema hata kwa nafsi yangu. Mikono yangu ilizoea tu.

— Mwanangu, — aliniuliza Fundi, — kwa nini?

— Sijui, baba.

— Tangu lini?

— Sijui.

Akamgeukia Waya. Waya alikuwa anatazama chini. Alisema, bila mtu kumuuliza, kwamba wanapovuka barabara jioni huwa anakaa kushoto kwa mzee. Kwa nini? Hakujua. Ameona tu ni vizuri. Spana akatazama gunia lake, na sisi sote tukalitazama, vyuma vyote vimerundikwa upande mmoja, kulia kwa mzee anapopita, na kushoto kwake kumeachwa njia tupu. Akasema alikuwa anatandaza kote zamani. Akasema mzee alijikwaa siku moja, au labda zaidi ya siku moja. Kinyozi akasema ule ubao wa dirisha unaofunguka nje karibu na kiti chake, ameacha kuufungua wote, anaufungua nusu tu ili mzee asiugonge. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alifanya lake kimya, kwa upendo wake, na tulivyokuwa tunafanya hivyo yeye hakujigonga popote, na kwa kuwa hakujigonga popote, hakujua. Mpaka leo sijui kama tulimtendea wema au tulimficha. Nikilifikiria upande huu naona wema, nikiligeuza naona kitu kingine.

— Lakini sindano nimeitunga, — alisema Fundi Pima.

— Umeitunga, mzee, — alisema Spana, taratibu sana.

— Mmeona.

— Tumeona.

— Sindano iko mbele, — alisema yule mama, kama anayejisemea, kisha akajutia, akainamia kikombe chake.

Ndipo tukasikia sauti ndogo inatoka kwenye simu. Mke wake alikuwa ameshapokea na amekuwa anaita haloo, haloo, baba watoto, kuna nini? Fundi akaiweka simu sikioni. Mwanangu aliamka, akapiga chafya, na hakuna aliyetikisika.

— Hakuna kitu, — alisema mwishowe. — Nilikuwa nauliza kama umeniwekea na shuka. Hospitali huwa na baridi.

Akasikiliza.

— Basi vizuri. Usilifungue. Nakuja.

Waya akamwuliza kama sasa ameelewa mambo ya mshipa. Fundi akasema hapana, hajaelewa, kwamba mtu aweze kuona sindano na asimwone mtu mzima aliyekaa ubavuni. Akasema labda hilo si la kuelewa, ni la kwenda tu. Spana akaanza kusema kitu kuhusu tairi, akaacha. Kinyozi akauliza kama kuna kahawa. Nikatikisa birika, lilikuwa tupu.

Jicho la kushoto la Fundi Pima lilipasuliwa kesho yake mchana. Presha imeshuka, daktari anasema kazi imefanikiwa, na anaona vilevile alivyokuwa anaona siku ile, hakuna kilichoongezeka.